Wepesi si Udhaifu: Funzo la Sega kwa Wajenzi

(Haya ni maneno ya mazungumzo yaliyotolewa na mwandishi wetu mbele ya warina asali, mafundi seremala na vijana wa Mitundu, Mkoa wa Singida.)



Mmeniita nije kuzungumza nanyi kwa sababu mnajiandaa kujenga ghala la asali, na kwa sababu, kama nilivyoelezwa, yapo mabishano kuhusu paa lake. Wako wanaosema kwamba ghala kubwa lataka mbao nene, na kwamba fundi aliyejenga nyumba ndogo vizuri aichukue kenchi yake, aikuze mara mbili, aongeze na unene, kazi iishe. Wako wengine wanaosema kwamba mbao nene zitaumaliza msitu. Mimi si mhandisi. Kazi yangu ni kalamu. Lakini kwa muda sasa nimekuwa nikifuatilia juhudi za wataalamu wanaotengeneza vitu vyepesi mno vyenye nguvu kubwa, nami nimeona kwamba swali linalowasumbua wao katika maabara za Marekani ni lilelile linalowasumbua ninyi hapa. Kitu kidogo kilicho imara hukuzwaje bila ya kupoteza uimara wake?

Naomba tulitafutie swali hilo jibu kwa pamoja, na tuanzie hapa hapa nyumbani.

Kila mmoja wenu amewahi kushika sega. Sega lililojaa asali ni zito mkononi, lakini likishakamuliwa ikabaki nta tupu, uzito wake haufiki popote. Waliopima wanatueleza kwamba nta ya kiasi cha gramu 40 yaweza kubeba asali inayokaribia kilo 2, yaani mzigo unaokaribia mara 50 ya uzito wake yenyewe. Ukuta wa kitundu kimoja haufiki unene wa sehemu ya kumi ya milimita. Tena nta ni kitu laini. Mtoto huibonyeza kwa kidole. Basi nguvu hii yatoka wapi? Haiwezi kutoka katika nta peke yake. Yatoka katika jinsi nta ilivyopangwa. Ukuta mmoja hutumika kwa vitundu viwili, na kila kitundu huegemea jirani zake sita.

Jambo hili liliwashughulisha watu tangu zamani. Katika karne ya 4 alikuwako mtaalamu wa hesabu aliyeitwa Pappus, katika mji wa Alexandria, nchini Misri, katika bara letu hili la Afrika. Yeye alieleza kwamba nyuki wamechagua umbo la pande sita kwa kuwa ndilo linalochukua asali nyingi kwa nta kidogo. Umbo la pembetatu na la mraba nalo hujaza nafasi bila kuacha mwanya, lakini hula nta zaidi. Ilichukua muda mrefu mno kupata uthibitisho kamili wa kihesabu. Ulitolewa na Mmarekani Thomas Hales mwaka 1999. Nyuki wa Mitundu hawakuungoja.

Na sega si peke yake. Mwaka 1665, Mwingereza Robert Hooke alitia kipande cha gamba la mti chini ya hadubini, akaona kwamba kimejaa vyumba vidogo vidogo kama vya sega. Mti wa mtundu, ambao jina lake ndilo jina la mahali hapa, umejengwa hivyo hivyo. Na mninga pia. Mfupa wa ng'ombe mkiupasua kwenye kiungo, mtaona ndani yake wavu wa vijiti vyembamba vya mfupa. Viumbe vyenye uhai vimetumia njia hiyo moja: kuweka mata pale panapopita mzigo, na pengine pote kuacha nafasi tupu. Vitu vya namna hii nitaviita vitu vya kimia, kwa kuwa kimia ni wavu, na katika wavu nafasi ni nyingi kuliko uzi.

Sasa, Ndugu zangu, isije ikadhaniwa kwamba kila chenye matundu ni imara. Hapo ndipo wengi hupotea. Nawaomba vijana mfanye jaribio dogo. Chukueni vijiti vinne, mviunge kwa msumari mmoja mmoja katika kila pembe, vifanye mraba. Sukumeni pembe moja kwa kidole: mraba utalala upande. Kisha chukueni vijiti vitatu mfanye pembetatu. Sukumeni mpendavyo. Pembetatu haitalala mpaka kijiti kivunjike au msumari ung'oke. Katika mraba, vijiti hulazimika kupinda, na kila kitu chembamba ni dhaifu kinapopindwa. Katika pembetatu, vijiti huvutwa au hushindiliwa kwa urefu wake, na hata ubua wa mtama una nguvu unapovutwa kwa urefu wake. Mskoti James Clerk Maxwell aliiwekea hesabu kanuni hiyo mwaka 1864.

Tofauti hii si ndogo. Tukichukua kitu cha kimia ambacho vijiti vyake hupinda, tukakipunguzia uzito hadi kubaki sehemu moja ya kumi, ukakamavu wake hushuka hadi sehemu moja ya mia. Tumeokoa uzito, lakini tumepoteza nguvu nyingi zaidi ya tulichookoa. Lakini kimia kilichofungwa kwa pembetatu kila upande, kikipunguzwa uzito hadi sehemu moja ya kumi, ukakamavu wake nao hushuka hadi sehemu moja ya kumi tu. Hapo hatukupata hasara. Hii ndiyo elimu iliyomo ndani ya kenchi yoyote iliyo sawasawa, na ndani ya madaraja ya chuma ambayo msafiri wa reli huyapita mara nyingi asiyatazame.

Baada ya hayo, na tuje kwenye kiini cha mabishano yenu, yaani kukuza.

Nilipokuwa mwanafunzi wa shule ya msingi, kijijini kwetu kulikuwa na fundi hodari. Alikuwa amejenga nyumba yenye upana wa hatua tano, paa la nyasi, kenchi za mbao, nayo ilisimama miaka mingi bila ya kasoro. Kijiji kikamtaka ajenge ghala la mahindi lenye upana wa hatua kumi. Fundi akafikiri kama wengi tungalivyofikiri: kila kipimo akakizidisha mara mbili. Urefu wa mbao mara mbili, upana mara mbili, unene mara mbili, nafasi kati ya kenchi na kenchi mara mbili, hata tabaka la nyasi akaliweka unene maradufu. Sote tukasifu. Mvua za kwanza zikanyesha, nyasi zikanywa maji, na usiku mmoja paa likashuka juu ya magunia. Kwa bahati hapakuwa na mtu ndani. Lakini mahindi yalioza, na mwaka ule tulijua njaa. Watu walisema mbao zilikuwa mbovu. Wengine wakasema mengine ambayo sina haja ya kuyarudia hapa. Fundi yule aliihama kazi yake kwa aibu.

Miaka mingi baadaye, nikiwa Chuo Kikuu, ndipo nilipofahamu kwamba mbao hazikuwa na hatia, na kwamba fundi hakuwa mzembe. Hesabu ndiyo iliyomhukumu. Chukueni tofali moja, kisha jengeni tofali lenye urefu, upana na kimo maradufu. Mtahitaji matofali manane. Uzito umekuwa mara nane. Lakini uso wake wa chini, ule unaokaa juu ya ardhi na kuubeba uzito wote, umekuwa mara nne tu. Kwa hiyo kila sehemu ya uso huo sasa inabeba mara mbili ya ilivyokuwa ikibeba. Ndivyo lilivyokuwa ghala letu. Paa liliongezeka uzito mara nane, mbao zikaongezeka nguvu mara nne, na kila ubao ukajikuta na mzigo maradufu. Mvua ilikuwa ni nyongeza tu.

Kanuni hii ilielezwa na Galileo wa Italia katika kitabu alichokitoa mwaka 1638. Yeye alichora mfupa mdogo na mfupa mkubwa, akaonyesha kwamba mnyama mkubwa hawezi kuwa na mifupa yenye umbo lilelile la mnyama mdogo. Ni lazima iwe minene kupita kiasi cha urefu wake. Ninyi hamhitaji kitabu kulijua hilo. Mmeona mguu wa digidigi vichakani, mwembamba kama fimbo. Mmeona na mguu wa tembo. Digidigi akikuzwa awe na kimo cha tembo, na miguu ile ile, hatasimama hata siku moja.

Hebu sasa tuwatazame tena nyuki, kwani wao walikwisha kulitatua jambo hili. Kundi linapokuwa kubwa, nyuki hawajengi vitundu vikubwa vya kuwekea asali yao iliyoongezeka. Kitundu cha asali hubaki na upana wa karibu milimita 5, katika mzinga mdogo na katika mzinga mkubwa. Kinachoongezeka ni idadi. Sega hukua kwa kurudia kitu kidogo kilicho sahihi, mara elfu na elfu, na kwa kukiunganisha vema na jirani zake. Hata hivyo nyuki nao wana mpaka wao. Sega refu lililojaa asali, siku ya joto kali, nta hulainika, na sega hukatika likaanguka. Mrina asali anayetumia mzinga wa masanduku amejifunza kulizuia hilo kwa fremu ya mbao na waya. Hapo pana kimia kikubwa cha mbao kinachokishika kimia kidogo cha nta. Likumbukeni jambo hilo, maana nitalirudia.

Na huko maabara, je? Mwaka 2011, wataalamu wa California walitangaza kimia cha nikeli ambacho sehemu 9,999 kati ya 10,000 za ujazo wake ni hewa tupu. Vijiti vyake vilikuwa mirija mitupu ndani, yenye kuta za unene wa nanomita 100, karibu sehemu moja ya elfu ya unene wa unywele. Kipande chake kiliweza kukaa juu ya ua lililokauka bila ya kuliharibu. Kikibonyezwa, kiliinuka tena. Mwaka 2014, wataalamu wa maabara ya Livermore na wa chuo cha MIT walitoa kimia kingine kilichofungwa kwa pembetatu, kikatimiza hesabu niliyowaeleza: uzito uliposhuka hata mara elfu, ukakamavu ulishuka kwa kiasi kinachokaribia hicho hicho.

Dunia ilishangilia, na ilikuwa na haki ya kushangilia. Gari jepesi hula mafuta kidogo, ndege nyepesi hubeba abiria zaidi, na lori jepesi hubeba magunia mengi zaidi kutoka Mitundu hadi Itigi kwa mafuta yale yale. Lakini vipande hivyo vya ajabu vilikuwa vya kutiwa kiganjani. Na hapo ndipo lilipozuka swali la fundi wa kijijini kwetu: vitakuzwaje?

Kuvinenepesha hakufai. Siri ya nguvu yao ni udogo wa vijiti. Utando wa nikeli ukiwa mwembamba mno hukunjika na kurudi, ukinenepeshwa hupasuka. Basi ibakie njia ya nyuki, yaani kurudia. Lakini hebu tupige hesabu. Tuseme kitundu kimoja cha kimia kina upana wa sehemu moja ya kumi ya milimita. Tofali la sentimita 10 kila upande litakuwa na vitundu bilioni moja. Mashine inayotengeneza vitundu elfu moja kila sekunde itafanya kazi usiku na mchana kwa siku zaidi ya 11 kulimaliza tofali hilo moja. Na ikiwa mashine ni hodari kiasi cha kukosea mara moja tu katika kila milioni, ndani ya tofali mtakuwa na vitundu vibovu elfu moja. Ufa huanzia kwenye kitundu kibovu. Kwa hiyo kadiri kitu kinavyokuwa kikubwa, ndivyo nafasi za kosa zinavyoongezeka. Kipande kidogo chaweza kuwa kizima kwa bahati. Kikubwa hakina bahati, kina ustadi tu.

Ndugu zangu, majibu yaliyopatikana mpaka sasa ni mawili makubwa, na yote mawili yatufaa.

Jibu la kwanza ni lile la fremu ya mzinga: kimia ndani ya kimia. Mwaka 2016, wataalamu wa Virginia na wenzao wa Livermore walionyesha kimia cha metali cha sentimita kadhaa ambacho kila kijiti chake ni kimia kidogo zaidi, na kijiti cha kimia hicho nacho ni kimia, mpaka kufikia kuta za vipimo vya nanomita. Wazo lenyewe si geni. Mnara wa Eiffel mjini Paris, uliokamilika mwaka 1889, una kimo cha zaidi ya mita 300, na chuma chake kina uzito wa kiasi cha tani 7,300. Kila nguzo yake kubwa imeundwa kwa vyuma vidogo vilivyopangwa pembetatu. Chuma chote hicho kikiyeyushwa na kumwagwa juu ya kiwanja chake cha mita 125 kwa mita 125, kina chake kitakuwa kiasi cha sentimita 6 tu. Kiasi hicho kidogo cha chuma ndicho kinachosimama dhidi ya upepo kwa zaidi ya miaka 130.

Jibu la pili ni kutojaribu kukitoa kitu kikubwa kwa mara moja, bali kutengeneza kipande kimoja kidogo, kukikagua, kisha kukiunganisha na ndugu zake. Mwaka 2019, wataalamu wa MIT pamoja na shirika la NASA walitoa taarifa ya bawa la ndege lenye upana wa mita zipatazo 4, lililounganishwa kwa mamia ya vipande vidogo vinavyofanana. Mita moja ya ujazo ya bawa hilo ilikuwa na uzito wa kilo 5.6 tu. Kipande kikiharibika, hutolewa kikatiwa kingine. Kipande kibaya hukataliwa kabla hakijapanda juu.

Sasa na turudi kwenye ghala lenu. Sikuja kuwaambia kwamba paa lake litajengwa kwa nikeli ya California. Vitu hivyo bado ni ghali, na vingi bado ni vya maabara. Nimekuja kusema kwamba kanuni yake haina ghali wala rahisi, nayo yaweza kufanya kazi kwa mbao za mbili kwa nne na misumari ya duka lililo jirani.

Kwanza, msiikuze kenchi ya nyumba ndogo kwa kuzidisha vipimo. Jengo likizidi upana, ongezeni idadi ya pembetatu ndani ya kenchi, ili kila ubao ubaki mfupi. Ubao mfupi mwembamba hushinda ubao mrefu mnene unaopinda kwa uzito wake mwenyewe. Na miti itakayookoka ni mitundu na mininga ile ile inayowalisha nyuki wenu. Itakuwa ni kichekesho kuukata msitu wa asali ili kujenga ghala la asali.

Pili, tazameni maungio. Katika kimia, mzigo wote hupita kwenye maungio. Mbao zaweza kuwa bora, lakini msumari mmoja uliopasua ncha ya ubao ni kile kitundu kibovu nilichokitaja. Kila kiungo kikaguliwe na mtu ambaye siye aliyekigongomea.

Tatu, jaribuni kabla ya kupandisha. Tengenezeni kenchi moja ya kipimo kamili, muiweke juu ya nguzo mbili fupi, muifunge isilale upande, kisha muitundikie viroba vya mchanga mpaka mzigo upite ule utakaobebwa na paa lenye mvua na upepo. Ikivunjika, imevunjika mchana, chini, mbele ya macho yenu, wala haina magunia chini yake. Angalieni mahali ilipoanza kuvunjika, mrekebishe hapo hapo. Wala msijaribu kwa kenchi ndogo ya mfano mkaridhika. Mmekwisha kusikia jinsi kitu kidogo kinavyodanganya. Na mchoro wenu, kabla ya yote, uende kwa mhandisi wa halmashauri autie hesabu, kwani hiyo ndiyo kazi aliyosomea.

Ndugu Mwenyekiti, fundi wetu wa zamani alikuwa na mikono mizuri kuliko wengi. Alichokosa ni mtu wa kumwonyesha hesabu ya matofali manane. Vijana mlioketi hapa leo mmeiona, na haikuchukua hata robo saa. Ombi langu ni kwamba siku kenchi ya kwanza itakapotundikiwa mchanga, mwanafunzi mmoja wa hapa Mitundu awe na daftari, aandike kila kiroba kinachoongezwa na kila inchi inayoshuka. Daftari hilo litunzwe pamoja na hati za ghala. Fundi atakayejenga ghala la pili, pengine kubwa kuliko hili, ataanzia hapo, wala hatahitaji kuanguka ili ajifunze.